Hivi mwanamke wa Iran anaonewa kweli au ni propaganda za Magharibi? Nimeshindwa mabishano, nisaidieni

Msomaji_Kimya (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Jana nimebishana na jamaa yangu mmoja mpaka mate yakanikauka, na mwisho wa yote mimi ndo nikaonekana sijui kitu.

Nilianza kwa kusema Iran mwanamke hana haki, nikamtaja Mahsa Amini, yule binti wa miaka 22 aliyekamatwa na polisi wa maadili Tehran mwezi wa 9 mwaka 2022 akafa baada ya siku tatu. Jamaa akacheka. Akaniuliza, wanawake Iran wanasoma vyuo vikuu hawasomi? Nikasema wanasoma. Wanapiga kura? Wanapiga. Wanaendesha magari, madaktari wapo, wabunge wapo, na yule mwanamke wa kwanza duniani kupata medali ya Fields ya hisabati mwaka 2014, Maryam Mirzakhani, si kazaliwa Tehran na kasomea hukohuko mpaka digrii ya kwanza? Sasa unalilia haki gani, kitambaa? Yaani nchi nzima iwake moto kwa ajili ya mtandio?

Nikabaki natoa macho.

Naomba mnijuze mawili. La kwanza, kwa vitendo kabisa, ukiacha mtandio, huyo mwanamke anakosa nini? La pili, kama ni kitambaa tu, kwa nini serikali isiwaachie yaishe, mpaka watu wanyongwe? Matusi ya dini sitaki, mimi mwenyewe ni Muislamu na nauliza kwa nia njema.

---

Pweza_Mkavu

Nimeweka kambi hapa. Hii mada lazima mtu atoe ngumi.

---

Kalamu_Kavu

Mkuu jamaa yako hajadanganya hata kimoja, ndo maana kakushinda. Kakupeleka kwenye vitu vinavyoonekana barabarani na wewe ukamfuata hukohuko. Rudi naye kwenye makaratasi.

Anza na pasipoti. Iran mwanamke aliyeolewa hapewi pasipoti mpaka mume asaini, awe profesa awe mfagiaji. Mwaka 2015 kapteni wa timu ya taifa ya wanawake ya futsal (soka la ukumbini), Niloufar Ardalan, pasipoti yake ilitakiwa ihuishwe, mashindano ya Asia yanachezwa Malaysia, mume akagoma kusaini. Sababu yake anataka mama awepo siku mtoto anaanza shule. Basi timu ikapanda ndege, kapteni akabaki. Baadaye kelele zilipokuwa nyingi mahakama ikampa ruhusa ya kwenda mashindano ya Guatemala mwezi wa 11 mwaka huohuo, ila ni ruhusa ya safari ile, sheria ikabaki palepale. Sasa muulize jamaa yako, yule dada kitambaa cha kichwani alivaa, kitambaa cha unahodha mkononi alivaa, kilichokuwa kinamkosesha ndege ni kitambaa gani?

Halafu nenda kwenye sheria yao ya kiraia. Kifungu cha 1117 mume anaweza kumzuia mke kazi akidai haiendani na maslahi au heshima ya familia. Kifungu cha 1133 talaka iko mkononi mwa mume. Binti anaweza kuozwa akiwa na miaka 13, na chini ya hapo pia ikiwa baba kataka na hakimu kakubali. Diya, yaani fidia ya damu, ya mwanamke kisheria ni nusu ya mwanamume. Hayo hayaonekani kwenye picha za mabinti wamejaa maktaba ya chuo, ila ndo anakutana nayo akitoka hiyo maktaba akaolewa.

Kwenye kura ndo patamu zaidi. Kuna chombo kinaitwa Baraza la Kulinda Katiba, watu 12, sita ni wanazuoni wanaoteuliwa moja kwa moja na Kiongozi Mkuu, sita wanasheria ambao majina yao yanapelekwa bungeni na mkuu wa mahakama, na huyo mkuu wa mahakama naye anateuliwa na Kiongozi Mkuu. Hao 12 ndo wanachuja nani agombee. Katiba kifungu cha 115 kinasema rais atoke miongoni mwa "rijal", na mpaka leo watu wanabishana kama hiyo rijal maana yake wanaume au watu wenye hadhi. Azam Taleghani, mtoto wa Ayatollah Taleghani aliyekuwa mmoja wa vigogo wa mapinduzi yenyewe ya 1979, alianza kujiandikisha kugombea urais tangu 1997 ili tu Baraza lilazimike kujibu hilo swali. Amefariki 2019 hajawahi kupitishwa.

Wabunge wapo, kweli. Viti 290, wanawake hawajawahi kufika 20. Na mwaka 2016 Minoo Khaleghi alishinda Isfahan, kapigiwa kura kashinda, ndo Baraza likazifuta kura zake BAADA ya uchaguzi. Kwa hiyo mwambie ndiyo wanapiga kura, ila sahani inaletwa ikiwa imeshachaguliwa wali na mboga.

Huyo Mirzakhani aliyekutajia usimwache hivihivi. Alipofariki Marekani 2017 magazeti ya kwao yalihangaika na picha yake maana alikuwa hajafunika nywele, mengine yakachezea picha. Na mtoto wake hakuwa na haki ya uraia wa Iran kwa sababu baba ni mgeni, uraia ulikuwa unapita kwa baba. Mpaka 2019 ndo sheria ikabadilishwa mama naye aweze kuombea. Mtu analetea nchi heshima dunia nzima, mwanae hana jina kwenye daftari la nchi hiyohiyo.

---

Jicho_la_Tatu

Kalamu umeandika vizuri ila umeanza hadithi katikati kama kawaida ya watu wa upande wako.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1936 Reza Shah alipiga marufuku hijabu kwa amri, polisi wakawa wanawavua akina mama mitandio barabarani, kuna wanawake walijifungia ndani wasitoke mpaka Shah alipoondolewa 1941. Mbona hao hawana maandamano ya kimataifa? 1953 waziri mkuu Mossadegh, aliyeingia kihalali, CIA na Waingereza wakampindua kwa sababu ya mafuta. Halafu leo haohao wanalia machozi kwa ajili ya mwanamke wa Iran, na wakati huohuo wamewawekea vikwazo mpaka dawa zinakuwa shida. Mgonjwa anayekosa dawa si mwanamke?

Na jambo lingine hamtaki kulisema, baada ya mapinduzi ndo mabinti wa vijijini walijaa shuleni. Baba mcha Mungu ambaye enzi za Shah alikuwa hataki binti yake aende shule alimwachia kwa sababu aliona mazingira ni ya heshima. Wasichana wakaja kuwa wengi kuliko wavulana vyuoni. Mfumo unaomchukia mwanamke haufanyi hivyo.

---

Kalamu_Kavu

Jicho la Tatu, hayo yote nakubali, na la 1953 nakubali kwa herufi kubwa. Hilo la shule pia ni kweli, ila malizia. Walipojaa kupita kiasi, 2012 vyuo 36 vikafunga masomo 77 kwa wanawake, mengi ya uhandisi na sayansi. Na wakihitimu ajira wanapata wachache mno, hawafiki hata mmoja kati ya watano walio kwenye soko la kazi.

Ila la 1936 umenisaidia. Polisi wa Shah anamvua mama mtandio kwa nguvu, polisi wa Jamhuri anamvisha bintiye kwa nguvu. Wewe unaona mmoja mbaya mmoja mzuri, mimi namuona polisi yuleyule kabadilisha kofia.

Na wanawake wenyewe walishaliona hilo siku ya kwanza kabisa. Tarehe 7 mwezi wa 3 mwaka 1979, mapinduzi hayajafikisha hata mwezi, Khomeini, kiongozi wa mapinduzi, kasema wanawake wa kwenye wizara waende kazini na hijabu. Kesho yake ni siku ya wanawake, maelfu wakaingia barabarani Tehran, wengi wao haohao waliomng'oa Shah, na kuna waliokuwa wamevaa mitandio kabisa kwa hiari yao. Walikuwa wanaimba kwamba hatukufanya mapinduzi ili turudi nyuma. Upande wa pili kuna kundi la wanaume linawajibu "ya rusari ya tusari", yaani ama kitambaa kichwani ama kipigo kichwani. Waliandamana siku kadhaa, serikali ikarudi nyuma kidogo, ikasubiri, kisha 1983 ikaweka kwenye sheria viboko mpaka 74. Hapo CIA iko wapi?

---

BintiNuru

Kaka zangu mnapigana kwa miaka na vifungu, mimi nitoe cha ndani.

Nilipokuwa nasoma nje nilikaa chumba kimoja na dada mmoja wa Kiirani, mtu wa swala tano, na mtandio wake hauvui hata tukiwa sisi wawili mpaka azime taa. Siku moja kanionyesha kitabu chake cha ndoa. Ni kijitabu kabisa, na ndani kuna masharti yamechapishwa tayari, mume anatakiwa asaini chini ya kila sharti, kama atamtesa mke, kama atapatikana na ulevi wa kuharibu nyumba, kama atampotea, basi mke anakuwa na uwakala wa kujitaliki mahakamani. Asiposaini, sharti halipo. Aliniambia siku ya ndoa watu wanapiga vigelegele, mama yake yeye alikuwa amesimama nyuma ya bwana harusi anahesabu saini kwa kidole. Kumi na mbili. Alipofika ya mwisho ndo akapiga kigelegele na yeye.

Nikamuuliza na asiposaini inakuwaje, akaniambia kuna msemo kwao, "mehram halal, junam azad". Mahari yangu nimekuhalalishia, roho yangu iwe huru. Sisi tunaita khului, tunaijua, ila kule imekuwa ndo mlango wa kawaida wa mwanamke kutoka. Mahari yao inaandikwa kwa sarafu za dhahabu, mamia ya sarafu saa nyingine, mwanamume anaahidi na wala hazitoi. Siku mke anataka kuondoka ndo zinatajwa, anazisamehe ili apewe talaka. Na sarafu yenyewe mnajua inaitwaje? Bahar-e Azadi. Machipuko ya Uhuru. Alikuwa anacheka mpaka machozi akinieleza, kwamba sisi uhuru wetu unanunuliwa kwa uhuru, halafu bado tunadaiwa chenji.

Huyu dada alikuwa anaunga mkono maandamano asilimia mia, na mtandio kichwani. Ndo maana mtu akiniambia ni vita ya waliovaa na wasiovaa najua hajawahi kuongea na hata mmoja wao.

---

Pweza_Mkavu

Mama anahesabu saini kwa kidole 😂😂 huyo mama ndo angekuwa Baraza la Kulinda Katiba.

---

Mwanafunzi_wa_Fiqhi

Assalaam alaykum. Mleta mada nitajibu swali lako la pili maana wengi wamelipita, kwa nini wasiwaachie yaishe.

Kwanza tutenganishe. Hijabu ni faradhi, mimi naamini hivyo, aya za Suratun Nur na Ahzab zipo wazi. Lakini soma aya zenyewe, amri ipo, adhabu ya duniani haijatajwa. Kifungu cha 638 cha sheria yao ya adhabu, kifungo cha siku 10 mpaka miezi miwili au faini kwa mwanamke asiyevaa, hiyo ni kazi ya bunge. Bunge likitunga, bunge linaweza kufuta. Shida inakuja hapa, chini ya Wilayatul Faqih, yaani utawala wa mwanazuoni, anayetawala anatawala kwa niaba ya Imamu aliyeghibu, yule Mashia wanayesubiri arudi, kwa hiyo ukimpinga yeye kwenye jambo la serikali tu, unaambiwa umepinga kitu kikubwa kuliko yeye. Mlango wa kusema "nimekosea, nirekebishe" unajifunga wenyewe.

Angalieni mashtaka. Mohsen Shekari, kijana aliyenyongwa tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka 2022, wa kwanza katika maandamano yale, alidaiwa kufunga barabara na kumjeruhi askari mmoja wa Basij, mgambo wa serikali, kwa kisu. Hakuna aliyekufa. Shtaka lake likaitwa muharaba, kupigana vita na Mwenyezi Mungu. Siku nne baadaye wakamnyonga Majidreza Rahnavard hadharani Mashhad, kwenye winchi. Huyo wa pili alishtakiwa kwa kuua askari wawili wa Basij, sisemi kesi ni moja, ila kutoka kukamatwa mpaka kunyongwa haukutimia hata mwezi. Kesi ya shamba tu inachukua muda kuliko hiyo.

Na msidhani masheikh wote wapo upande mmoja. Ayatollah Montazeri aliongoza baraza lililoandika hiyo katiba ya 1979 na akawa mrithi wa Khomeini kabisa. 1988 wafungwa wa kisiasa wakauawa kwa maelfu magerezani, yeye akaandika barua kupinga, 1989 urithi ukaondoka. 1997 akahoji sifa za Khamenei, Kiongozi Mkuu aliyemfuata Khomeini, wakamfungia nyumbani kwake Qom mpaka 2003. Kuna mpaka mahakama maalumu ya masheikh, ipo tangu miaka ya 80. Sasa serikali ya masheikh inahitaji mahakama ya masheikh ya nini kama masheikh wote wanakubaliana?

---

Jicho_la_Tatu

Sheikh wewe nakuheshimu. Lakini dola yoyote ikishambuliwa kutoka nje lazima ikaze. Na hilo la Mahsa serikali ilitoa vidio, anaonekana amesimama pale kituoni anaongea na askari wa kike, ghafla anaanguka. Hakuna anayempiga.

---

Kalamu_Kavu

Vidio ya ndani ya kituo cha Vozara, ndiyo. Ya ndani ya gari mpaka kufika kituoni iko wapi? Zile gari zao nyeupe zenye mstari wa kijani. Serikali ilisema alikuwa na ugonjwa wa tangu utotoni, baba yake akakataa kabisa. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti ya mwezi wa 3 mwaka 2024, ikasema kifo kilitokana na kipigo akiwa mikononi mwao, na waliouawa kwenye maandamano ikataja mpaka 551, kati yao watoto 68. Na ukitaka kujua serikali yenyewe ilijiamini kiasi gani na hiyo vidio, waandishi wawili wa kike walioibua habari, Niloofar Hamedi aliyeripoti kutoka hospitali na Elaheh Mohammadi aliyeenda mazikoni Saqqez, wote waliwekwa ndani zaidi ya mwaka. Mtu mwenye ushahidi wa kumsafisha hafungi waandishi.

Halafu kuna kitu kimoja mimi huwa sikisahau. Tarehe 27 mwezi wa 12 mwaka 2017 dada mmoja, Vida Movahed, alipanda juu ya boksi la umeme kwenye barabara ya Enghelab, Tehran. Enghelab maana yake mapinduzi. Akatoa mtandio wake mweupe akaufunga kwenye fimbo akausimamisha mbele yake, kimya, hapigi kelele hasemi neno, watu wanapita na mifuko yao. Akakamatwa. Wiki zilizofuata wengine wakaanza kupanda maboksi, mmoja mmoja, wengine wamevaa chador kabisa, lile vazi la kufunika kichwa mpaka miguu. Serikali ikafanya nini? Ikapeleka mafundi wakachomelea vyuma vya mteremko juu ya maboksi, kama paa la nyumba, ili mtu asiweze kusimama.

Msomaji_Kimya hilo ndo jibu la swali lako la pili. Dola yenye jeshi, makombora na Basij inakaa kikao, inaandika oda, inalipa fundi wa kuchomelea, inaogopa mtu asisimame juu ya boksi. Wakili wao Nasrin Sotoudeh naye akashtakiwa, hukumu zikijumlishwa miaka 33 na viboko 148, moja ya makosa ni kuchochea ufisadi wa maadili.

---

BintiNuru

Na bado wamerudi nyuma kimyakimya. Ile sheria mpya ya hijabu na usafi wa maadili, faini kubwakubwa na kufungiwa huduma, ilipita mpaka Baraza la Kulinda Katiba, ilikuwa ianze mwezi wa 12 mwaka 2024, ikasimamishwa. Waliona wanawake barabarani Tehran ni wengi sana kichwa wazi, utawakamata wangapi? Ila msishangilie, kusimamishwa haijafutwa, na meseji za simu kwa wenye magari zilikuwa zinaendelea, kamera ikikuona hujafunika ndani ya gari unaambiwa gari litazuiwa. Na Armita Geravand alikuwa na miaka 16 tu, 2023, aliingia treni ya metro Tehran kichwa wazi, akatolewa hajitambui, akafa mwezi huohuo.

---

Jicho_la_Tatu

Sijabadilika kuhusu vikwazo. Ila la maboksi nilikuwa silijui. Nimeenda kutafuta picha, nimeziona.

---

Msomaji_Kimya (mleta mada)

Wakuu nashukuru sana wote, na Jicho la Tatu pia maana bila wewe ningeenda na upande mmoja nikapigwa tena.

Nimemtumia jamaa ile ya kapteni wa futsal peke yake, sikuongeza kitu. Kakaa kimya kama nusu saa, naona tu anaandika anafuta, anaandika anafuta. Mwisho kanijibu, "sasa hapo kosa la serikali liko wapi, si mume wake ndo kakataa, na sheria inamruhusu?"

Nimemwambia rudia kusoma ulichoandika, taratibu. Mpaka sasa tiki mbili za bluu, hajajibu.

---

Pweza_Mkavu

Mwache kwanza, huenda anaomba saini.